Kazi mbili, kipaumbele kimoja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mifumo endeshi ya wakati halisi

Kanuni ya kwanza ya mfumo endeshi wa wakati halisi, yaani ule ambao kazi zake lazima zitimie kwa muda uliopangwa, haina utata: kati ya kazi zote zilizo tayari, yenye kipaumbele cha juu kabisa ndiyo inayoshika prosesa. Kanuni hiyo hunyamaza pale kazi mbili zinapolingana, na hapo kila kerneli, yaani sehemu ya ndani ya mfumo inayogawa prosesa, ina desturi yake. Mengi ya majibu haya yanalenga FreeRTOS, kwa kuwa ndiko wengi wanakoanzia. Zephyr, ThreadX, VxWorks, OSEK na Linux zimetajwa penye tofauti, maana tofauti hizo ndizo zinazowaponza watu wanapohamisha programu kutoka kerneli moja kwenda nyingine.

Kazi mbili zina kipaumbele sawa na zote ziko tayari. Ipi inaanza?

Kwa kawaida ile iliyotangulia kuwa tayari. Kerneli nyingi huwa na foleni moja kwa kila kipaumbele. Kazi ikiamka huingia mkiani mwa foleni yake. Kiratibu, sehemu ya kerneli inayochagua kazi, hutafuta foleni ya juu kabisa isiyo tupu, kisha huchukua kazi iliyo kichwani. Utafutaji huo ni wa haraka: vipaumbele vyenye kazi huwekewa alama kwenye biti za neno moja la kumbukumbu, na prosesa nyingi zina amri moja ya kuhesabu sifuri zilizotangulia, kwa hiyo jibu linapatikana kwa hatua chache zisizobadilika, ziwe kazi tatu au thelathini.

FreeRTOS ina umbo lake. Foleni ya kila kipaumbele ni orodha ya duara yenye kielekezi. Kazi mpya huwekwa nyuma tu ya kielekezi, ili iwe ya mwisho kufikiwa katika mzunguko. Shika picha hiyo ya kielekezi kinachozunguka, tutairudia.

Ikishaanza, inaendelea mpaka lini?

Hapa kuna mila mbili. Ya kwanza ni ya aliyetangulia: kazi hukaa na prosesa mpaka ilale ikisubiri kitu, iachie yenyewe kwa hiari, au inyang'anywe na kazi ya kipaumbele cha juu zaidi. Ya pili ni ya zamu: hayo yote yapo, na juu yake kuna kipande cha muda. Kipande kikiisha, kazi huenda mkiani na ya pili yake hushika.

POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix, inaziita SCHED_FIFO na SCHED_RR. OSEK, iliyozaliwa kwa ajili ya kompyuta za magari, haina zamu za muda kabisa. VxWorks inazo, lakini huwa zimezimwa mpaka uite kernelTimeSlice(). FreeRTOS huziwasha usipogusa kitu: mpangilio configUSE_TIME_SLICING usipoutaja huhesabiwa kuwa 1, na mradi unyang'anyaji umewashwa kwa configUSE_PREEMPTION, kazi zinazolingana zitapokezana.

Kipande cha muda kina urefu gani?

Kwenye FreeRTOS ni pigo moja la saa ya mfumo, basi. Ukiweka configTICK_RATE_HZ kuwa 1000, kipande ni milisekunde 1. Ukiweka 100, ni milisekunde 10. Huwezi kuipa kazi moja mapigo matano na nyingine mawili. ThreadX inaruhusu hilo: unapounda kazi unataja kipande chake mwenyewe, au unaandika TX_NO_TIME_SLICE. Zephyr ina k_sched_time_slice_set(), inayopokea urefu pamoja na kipaumbele ambacho kazi zilizo juu yake hazikatwi vipande. Linux hutumia milisekunde 100 kwa SCHED_RR, na unaweza kubadilisha kupitia /proc/sys/kernel/sched_rr_timeslice_ms.

Milisekunde 100 ni muda mrefu mno kwa udhibiti wa mota. Wengi wanaochagua SCHED_RR wakidhani wamepata mgawanyo laini hawajaitazama namba hiyo.

Je, kila kazi hupata kipande kizima?

Hapana, na hili ndilo watu hulikosea zaidi. Kwenye FreeRTOS kipande hakipimwi kuanzia kazi iliposhika prosesa. Hupimwa kwa pigo la saa, ambalo halijali nani aliingia lini.

Chukua pigo la kila milisekunde 1. Kazi A inaanza pigo linapogonga, inafanya kazi milisekunde 0.9, kisha inalala ikisubiri data. B inashika. Baada ya milisekunde 0.1 pigo linagonga tena, na kama D, yenye kipaumbele hichohicho, iko tayari, B inaondolewa. B imepata sehemu moja ya kumi ya kipande. Kama A huamka kwa mpigo uleule wa saa, mtindo huu hujirudia, na B inaweza kudumaa mzunguko baada ya mzunguko ilhali kwenye karatasi mgawanyo ni wa haki.

Kwa hiyo usihesabu kwamba kazi tatu zinazolingana zitapata theluthi theluthi. Zamu inahakikisha kwamba hakuna atakayeachwa milele. Usawa wa muda haumo katika ahadi hiyo.

Kazi iliyonyang'anywa prosesa na ya kipaumbele cha juu hurudi wapi, kichwani au mkiani?

Kama ningeruhusiwa kujibu swali moja tu kwenye ukurasa huu, ningechagua hili. Jibu hutofautiana kati ya kerneli na kerneli, na programu inaweza kufanya kazi vizuri kwenye moja kisha ikaharibika kwenye nyingine bila mstari hata mmoja kubadilika.

Chini ya SCHED_FIFO, kazi iliyonyang'anywa hubaki kichwani mwa foleni yake. Ya juu ikimaliza, ileile iliyokatizwa huendelea. Chini ya SCHED_RR pia hurudi kichwani na kumalizia kipande kilichobaki. OSEK inasema vivyo hivyo: iliyonyang'anywa huhesabiwa kuwa ya zamani kuliko zote katika kipaumbele chake, ilhali iliyotoka kusubiri tukio huhesabiwa kuwa mpya. VxWorks nayo huirudisha mbele na kuitunzia muda wake.

FreeRTOS ya kiini kimoja haifanyi hivyo. Kila mara kiratibu kinapochagua kazi kutoka kwenye orodha, kielekezi husogea hatua moja mbele. Sema A na B ziko kipaumbele 2, na C iko kipaumbele 3. A inaendelea. C inaamka, inamnyang'anya A, inafanya kazi yake fupi na kulala. Kiratibu kinarudi kwenye orodha ya kipaumbele 2, kinasogeza kielekezi, na kinaipata B. A, iliyokatizwa katikati ya sentensi yake, inasubiri.

Hili hutokea hata ukiwa umezima zamu kwa kuweka configUSE_TIME_SLICING kuwa 0. Kama C huamka kila milisekunde 5, basi A na B zitapokezana kila milisekunde 5, kana kwamba kuna kipande cha muda ambacho hukukiomba. C ikilala muda mrefu, A itakaa na prosesa muda mrefu vilevile. Mgawanyo kati ya A na B umekabidhiwa kwa kazi ya tatu isiyo na habari nao.

Nimezima zamu na kazi zangu mbili zinalingana. Naweza kuacha muteksi?

Usiache. Muteksi ni kufuli linaloruhusu kazi moja tu kwa wakati kugusa data ya pamoja. Hoja huwa hivi: A na B hazinyang'anyani kwa sababu zinalingana, kwa hiyo A ikianza kuandika kwenye muundo wa data wanaoshirikiana, itamaliza kabla B haijasoma. Kwenye OSEK hoja hiyo husimama, mradi A haisubiri tukio katikati ya uandishi. Kwenye FreeRTOS huanguka kwa sababu iliyoelezwa hapo juu. A inaandika halijoto mpya, haijaandika saa ya kipimo, C inakatiza, C inalala, B inashika na kusoma halijoto ya sasa yenye saa ya zamani. Katizo hilo lisipoangukia katikati ya maandishi hayo mawili, huoni kosa. Inaweza kuchukua wiki kuonekana, na likionekana huwezi kulirudia mezani kwako.

Kwenye prosesa yenye viini viwili hoja hufa mapema zaidi: A na B huendeshwa kwa wakati mmoja kabisa, kila moja kwenye kiini chake.

Weka muteksi. Kama uandishi ni wa mistari miwili mitatu, zuia makatizo (ishara za vifaa zinazoikatiza prosesa) kwa kitambo hicho kifupi. Ukiona gharama yake ni kubwa, tuma data kwa foleni ya ujumbe na uache kushirikiana kumbukumbu.

Nimetoa semafori iliyokuwa ikisubiriwa na kazi ya kipaumbele sawa. Mbona haikuendeshwa papo hapo?

Semafori ni ishara ambayo kazi moja huitoa na nyingine huisubiri, na kuamka si kunyang'anya. Kerneli hubadilisha kazi papo hapo ikiwa tu iliyoamshwa imeizidi inayoendelea. Ikilingana nayo, huingia kwenye foleni ya walio tayari na kusubiri zamu. Ukitaka ishike mara moja, ita taskYIELD() baada ya kutoa semafori, au mpe msubiri kipaumbele cha juu kwa ngazi moja. Ngazi moja ndiyo njia ninayoipendelea: inaandika nia yako mahali pamoja, na wala haitegemei mtu kukumbuka mstari wa ziada kila penye semafori.

Kazi yangu moja inashikilia muteksi muda wote, na mwenzake wa kipaumbele sawa haupati. Kulikoni?

Hii ni ndugu ya swali lililotangulia. A iko kwenye kitanzi: inachukua muteksi, inachora kwenye skrini, inaachia, inarudi mwanzo. B inasubiri muteksi. A inapoachia, B huamka na kuwa tayari, lakini haimnyang'anyi A kwa kuwa wanalingana. A inaendelea na kipande chake, inarudi juu ya kitanzi na kuchukua muteksi tena. Pigo linagonga, B inashika prosesa, inajaribu muteksi, inaikuta imeshikwa, inalala tena. FreeRTOS haimkabidhi B muteksi mkononi. Humwamsha tu, naye hana budi kujaribu upya.

Dawa ni A kuachia prosesa mara tu baada ya kuachia muteksi, hasa ikiwa pigo la saa lilipita wakati imeishika. Dawa bora zaidi ni kujiuliza kwa nini A haina chochote cha kusubiri. Kazi isiyolala kamwe ni dalili kwamba kuna kitu inakichunguza kwa kitanzi badala ya kusubiri katizo.

Kuna tofauti gani kati ya kuachia prosesa na kulala kidogo?

Kuachia kwa taskYIELD(), k_yield(), tx_thread_relinquish() au sched_yield() humpisha mwenye kipaumbele sawa peke yake. Wa chini hapati kitu. Kama hakuna anayelingana nawe, utarudi palepale. Kulala kwa vTaskDelay(1) hukutoa kwenye foleni kabisa, kwa hiyo hata wa chini hupata nafasi. Kitanzi chenye taskYIELD() kinaweza kuzinyima prosesa kazi zote za chini yake kwa uhakika uleule wa kitanzi kitupu.

Kipi bora: aliyetangulia, au zamu?

Wengi hudhani zamu ni bora kwa kuwa inaonekana ya haki. Tufanye hesabu. Kazi tatu, kila moja ina milisekunde 10 za kuhesabu, zote ziko tayari kwa wakati mmoja. Kwa utaratibu wa aliyetangulia, zinamaliza kwenye milisekunde ya 10, ya 20 na ya 30. Wastani ni 20, na prosesa imebadilisha kazi mara mbili tu. Kwa zamu za milisekunde 1, zinamaliza kwenye ya 28, ya 29 na ya 30. Wastani ni 29, na prosesa imebadilisha kazi mara 29.

Angalia vizuri: hakuna hata moja iliyomaliza mapema zaidi kuliko ilivyomaliza kwa utaratibu wa kwanza. Kilichofanywa na zamu ni kuwachelewesha wawili wa mwanzo. Kila badiliko nalo lina ushuru: kuhifadhi rejista, kupakia nyingine, na rejista za namba za desimali zikitumika, mzigo huongezeka. Kwa kazi fupi zenye makataa, aliyetangulia hushinda karibu kila mara, tena ni rahisi kuuhesabia.

Zamu inastahili pale kazi zinapokuwa ndefu, hazina makataa makali, na kila moja inapaswa kuonekana ikisonga: kumbukumbu za mfumo zinaandikwa kwenye kadi huku faili ikibanwa na ukurasa wa mipangilio ukihudumiwa. Hizo ziweke pamoja kwenye kipaumbele cha chini na uwashe vipande vya muda.

Basi niweke kazi zote kipaumbele kimoja, kerneli igawe yenyewe?

Huko ni kulipia mfumo wa wakati halisi na kuacha kuutumia. Sema A inahitaji milisekunde 1 kila baada ya 5, na B inahitaji milisekunde 30 kila baada ya 100. Ukizilinganisha bila zamu, B ikitangulia kidogo tu, A itasubiri karibu milisekunde 30 na kukosa makataa matano au sita mfululizo. Ukiwasha vipande vya milisekunde 1, A itanusurika, lakini muda wake wa kuanza utayumba kwa kiasi cha pigo moja, na ukiongeza kazi mbili tatu kwenye ngazi hiyo, utayumba zaidi. Ukimpa A ngazi moja juu, A inaanza papo hapo kila mara, na B, hata ikianza pamoja na A, inamaliza kwenye milisekunde ya 38, mbali kabisa na 100 yake.

Kanuni iliyothibitishwa na watafiti Liu na Layland mwaka 1973 ni kwamba, kwa vipaumbele visivyobadilika, kazi huru zenye makataa sawa na vipindi vyake hupangwa vyema zaidi kwa kumpa wa kipindi kifupi kipaumbele cha juu. Kazi nyingi zikipangwa hivyo hutimiza makataa zote mradi matumizi ya prosesa hayazidi takriban asilimia 69. Wenye vipindi sawa wanaweza kulingana, na hapo ndipo usawa una maana yake halisi.

Je, kuna kerneli inayokataza usawa?

Ndiyo. µC/OS-II ya Jean Labrosse ilitaka kila kazi iwe na kipaumbele chake peke yake, na kipaumbele kilitumika pia kama kitambulisho cha kazi. µC/OS-III iliyotoka mwaka 2009 iliondoa sharti hilo na kuleta zamu. Wapo wanaoendelea kutoa kila kazi ngazi yake hata kwenye FreeRTOS, na siwalaumu: mpangilio wa nani anamtangulia nani unasomeka wote mahali pamoja.

Kupinduka kwa vipaumbele kunaweza kutokea kati ya kazi zinazolingana?

Kupinduka ni pale kazi ya juu inapocheleweshwa na za chini yake. Kati ya mbili zinazolingana, hapana. Tatizo lililokiwasha upya mara kwa mara chombo cha Mars Pathfinder mwaka 1997 lilihitaji ngazi tatu: ya chini iliyoshika muteksi, ya juu iliyoisubiri, na ya kati iliyoiziba ya chini isimalize. Likatatuliwa kwa kuwasha urithi wa kipaumbele kwenye muteksi ya VxWorks: aliyeishika hupewa kwa kitambo kipaumbele cha anayeisubiri.

Urithi huo, hata hivyo, huleta usawa wa vipaumbele kwa kitambo. Kazi ya chini ikirithi kipaumbele 5, inakuwa sawa na kazi nyingine zote zilizokuwa kwenye 5, na kama zamu zimewashwa, hupokezana nazo mpaka iachie muteksi. Ongeza muda huo kwenye hesabu zako.

Nihesabuje muda mbaya kabisa wa kazi yenye wenzake wanaolingana?

Mhesabu kila mwenzake kana kwamba yuko juu yake. Utapata kikomo salama kwa utaratibu wowote, kikiwa kikubwa kidogo kuliko hali halisi. Ikitimiza makataa kwa hesabu hiyo, imetimiza.

Kuna njia ya kuamua kwa makataa badala ya zamu?

Zephyr inayo. Ukiwasha CONFIG_SCHED_DEADLINE na kutaja makataa kwa k_thread_deadline_set(), kati ya kazi za kipaumbele sawa itachaguliwa yenye makataa ya karibu zaidi. Ni matumizi mazuri sana ya usawa, na nashangaa yanavyotumika kwa nadra. Kumbuka tu kwamba makataa hayo hayajirudii yenyewe. Kazi huyaweka upya kila mzunguko.

Kwenye Linux, kazi yangu ya SCHED_FIFO huzunguka bila kulala lakini mashine haigandi kabisa. Kwa nini?

Kwa kawaida Linux huziachia kazi za kawaida zinazonyimwa prosesa sekunde 0.05 katika kila sekunde 1, ili wewe upate upenyo wa kuiua iliyopotoka. Usiutegemee upenyo huo kama mpango wa ratiba.

Nitajuaje kerneli yangu humrudisha aliyenyang'anywa wapi?

Pima. Unda A na B kwenye kipaumbele kimoja, kila moja ikiwasha na kuzima pini yake bila kulala. Unda C ngazi moja juu, iamke kila milisekunde 7, iinue pini ya tatu, izunguke kidogo, iishushe, ilale. Zima vipande vya muda. Unganisha pini tatu kwenye osiloskopu au kichanganuzi cha mantiki, kisha utazame kinachotokea kila pini ya C inaposhuka. Ikiwa ni A ileile inayoendelea na pini ya B iko kimya tangu mwanzo, aliyenyang'anywa hurudi kichwani. Ikiwa A na B zinapokezana kila baada ya C, kielekezi kinasogea. Rudia jaribio ukiwa umewasha vipande, na safari hii C iamshwe na katizo la kipima muda kisichofungamana na pigo la saa, la sivyo utashindwa kutenganisha kilichofanywa na C na kilichofanywa na pigo.